Kamati ya Kubaini Mabara, Mbagala

Mwaka wa 1974 Kamati ya Kubaini Mabara iliwatangazia wananchi wa Mbagala kwamba neno "bara" limetumika ovyo vya kutosha. Tangu siku hiyo, bara ni ardhi kubwa kiasi kwamba ukipiga hodi mara tatu ukingoni mwake, mwenyewe haitikii. Na bara si la mtu mmoja; litalimwa na wote.

Lilikuwa tangazo la busara. Sesilia alilisoma kwa kidole, mwanawe Albano mgongoni, akafurahi kuona masomo ya jioni yanazaa matunda. Kisha akakumbuka robo ekari yake ya mihogo, ambayo ndiyo uji wa Albano, akanywea.

Kesho yake kamati ikafika shambani. Mwenyekiti, Ndugu Ansbert, akanong'ona, "Hodi hodi hodi." Katibu wake, Mwinshehe, akaandika: hakuna jibu.

"Shikamooni," alisema Sesilia, hatua nne kutoka walipo, jembe mkononi. "Mie nipo hapa."

"Marahaba, Mama Albano. Umechelewa. Kwa mujibu wa kanuni hukuwepo."

"Si umenong'ona, baba?"

"Kanuni haikutaja sauti. Hongera, una bara."

"Mwalimu wetu wa jioni anasema mabara yako saba."

"Hili la nane," alisema Mwinshehe, wala hakucheka. "Rufaa kwa mwenyekiti, ofisini, ndani ya siku saba."

Jumatatu Sesilia akaenda na barua aliyoiandika mwenyewe. Alikuta foleni ya watu kumi na mmoja wenye mabara, akiwemo Bi Zubeida wa tuta moja la mchicha. Wote walikuwa na majembe, maana walikuwa njiani kwenda kulima bara la Sesilia.

"Mmepiga hodi?" aliuliza Sesilia.

"Tangu alfajiri, mwanangu," alisema Bi Zubeida. "Yumo, anasoma gazeti. Huyu hajawahi kuitika tangu apewe ofisi."

Sesilia akapiga hodi tatu, kwa sauti ya kuitia mtoto aliye mbali. Ndani gazeti likafunuliwa ukurasa.

"Ndugu Katibu, kuna jibu?"

Mwinshehe, mtu wa kanuni, alikuwa barazani na kahawa yake. Akafungua daftari. "Hakuna." Akagonga muhuri.

"Basi bara hilo," alisema Bi Zubeida. "Tupande nini?"

"Mihogo haichagui udongo," alisema Sesilia.

Sakafu ya ofisi ilikuwa ya udongo. Jembe la tatu lilipotua, Ndugu Ansbert alitoka kupitia dirishani, akaambiwa akate rufaa. Akapanga foleni, wa kumi na tatu. Ili zamu yake ifike upesi, akazikubali rufaa zote zilizomtangulia, akianza na ya Sesilia, akitia saini mgongoni kwa Mwinshehe.

Ya kwake mwenyewe, Mwinshehe akairudisha: mwenyekiti haruhusiwi kusikiliza rufaa yake mwenyewe.