Makabidhiano ya Balbu Moja

Kamati ya Makabidhiano ya kata yetu, iliyo mwendo wa nusu saa kwa bodaboda kutoka Masumbwe, ina heshima kuutangazia umma kwamba balbu moja ya halojeni imekabidhiwa kwa zahanati kwa mafanikio makubwa. Zilitumika balbu mbili. Majeruhi ni mmoja.

Mimi ni katibu wa kamati hiyo. Nina stashahada ya utunzaji wa kumbukumbu na watoto wanne, hivyo nimezoea kuandika yasiyosomwa na kusema yasiyosikilizwa.

Taa ya chumba cha kushonea majeraha iliungua mwezi wa pili. Tangu hapo nesi Serafina amekuwa akiwashona wachimbaji wanaotolewa maduarani, yaani mashimo ya dhahabu, kwa taa ya pikipiki. Pikipiki inaingizwa chumbani, inanguruma, mgonjwa anakohoa, sindano inakwenda inakotaka yenyewe. Serafina aliomba balbu. Kamati ikampa sherehe.

Dada Kausar, mwenye duka la vifaa vya umeme, alileta balbu mbili, kila moja ndogo kama karanga, zimeviringishwa kwenye karatasi. Akatufafanulia kikaoni. Ndani kuna waya wa tungsteni. Waya ukiwaka, chembe zake zinachomoka. Kwenye balbu za zamani chembe hizo hugandia kioo mpaka kinakuwa cheusi kama sufuria ya makande. Kwenye hii, gesi ya halojeni inazidaka na kuzirudisha kwenye waya, ndiyo maana inadumu na mwanga haufifii.

"Zinatoka na kurudi?" aliuliza mwenyekiti wetu, Mheshimiwa Marselino. "Kwa ruhusa ya nani?"

"Ya joto, Mheshimiwa."

"Katibu, andika. Joto lipewe barua ya pongezi."

Nikaandika.

"Ila msiishike kwa mkono mtupu," aliendelea Kausar. "Kioo chake kinapata moto kuliko kikaango. Mafuta ya kidole yakibaki juu yake, pale pale kinadhoofika, kinapasuka."

"Tumekuelewa, dada. Tutaishika kwa uangalifu."

Niwaeleze wageni. Kwetu kitu hakijakabidhiwa mpaka wakubwa wote wakishike kwa pamoja mbele ya kamera. Mwaka jana ufagio mmoja ulishikwa na watu tisa, na bado unafagia. Balbu ilipangiwa watu kumi na mmoja. Kwa kuwa ni kama karanga, wengine ilibidi washike kidole cha aliyeshika. Walikuwa wametoka kula mbuzi wa kuchoma, na maji ya kunawa yalikuwa hayajafika.

Balbu ilifungwa, ikawaka mwanga mweupe mzuri kwa dakika tisa, kisha ikasema paa. Kamati ilichunguza na kubaini kwamba balbu haikuwa tayari kisaikolojia.

Serafina alinifuata ofisini.

"Mama Ndaki, imebaki moja. Nipe nikaifunge."

"Haijakabidhiwa, mayu," nilimwambia, maana kwetu mayu ndiyo mama.

"Basi wakimaliza kuishika niifute kwa spiriti. Inatoa mafuta yote. Ijumaa nina mchimbaji wa kushonwa mkono upya, mshono wa kwanza niliushona pikipiki ikizimika-zimika. Ni mkono wa kulia. Ana watoto watatu wanaokula kwa mkono huo."

Nilipeleka ombi. Mheshimiwa alinitazama kama nimemtukania mkwewe.

"Kufuta alama za vidole vya viongozi? Hiyo ni kufuta makabidhiano yenyewe. Marufuku."

"Na mchimbaji?"

"Si pikipiki ipo?"

Sherehe ya pili ilifanyika Ijumaa asubuhi uwanja wa zahanati. Safari hii walikuwa kumi na watano, maana walioachwa mara ya kwanza walilalamika. Wote walipanda juu ya benchi moja ili waonekane. Mheshimiwa alikuwa na balbu mkononi, na mkasi wa kukatia utepe mfuko wa nyuma, ncha juu.

"Sogeleaneni kidogo!" alisema mpiga picha.

Wakasogeleana. Benchi likakatika. Balbu haikudhurika hata kidogo. Mheshimiwa aliukalia mkasi.

Tulimwingiza ndani kifudifudi. Mchimbaji aliyekuwa akingoja zamu yake alisogea. "Mtangulizeni tu, mayu. Mimi kusubiri nimezoea."

Serafina aliangalia jeraha, akaita nje: "Ingizeni pikipiki!"

"Hapana!" Mheshimiwa alifumbua kiganja. "Funga hii!"

"Ina mafuta ya vidole, Mheshimiwa. Ikipasuka, vioo vitadondokea papo hapo ulipoumia."

"Basi ifute!"

"Ni marufuku."

"Katibu! Nimeondoa marufuku!"

"Huwezi peke yako, Mheshimiwa," nilisema. "Inahitaji kikao na akidi."

Wajumbe waliingia wakichechemea, wakazunguka kitanda. Hoja ilipita. Serafina alifuta balbu kwa spiriti, akaishika kwa kipande cha shashi, akaifunga, akawasha. Nuru ilifika kila mahali, hata ambako kamati isingependa.

"Kumbe kweli inaonyesha," alisema mjumbe mmoja, akainama zaidi.

"Tokeni nje!" alifoka Mheshimiwa.

"Kikao hakijafungwa, Mheshimiwa."

"Nimekifunga!"

"Bado kuna Mengineyo," nikamkumbusha.

Serafina alinyoosha mkono wenye sindano. "Ninalo jambo, katibu. Kwanza, vifaa vya zahanati viwe vinaletwa kwangu moja kwa moja, bila kamera. Pili, taa kama hii iwekwe chumba cha wazazi. Tatu, kamati hii ivunjwe."

"Kuna anayepinga?" niliuliza.

Serafina alishusha sindano, akaisimamisha hewani palepale, akasubiri kwa adabu. Mheshimiwa aliuma mto. Kwa kanuni zetu, asiyesema amekubali. Alisaini kumbukumbu bila kugeuka, mimi nikimshikia kitabu, akashonwa nyuzi sita kwa ganzi ya kutosha.

Kisha mchimbaji alipanda kitandani. Serafina aliuvuta mkono wake chini ya taa, akautazama kila kidole, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa pili.

Mheshimiwa aliombwa akae pale mlangoni angoje dawa zake. Alingoja amesimama.