Awamu ya Kwanza Ni Kuezua

Idara ya Huduma za Ajira iliutangazia umma, kwa tangazo kubwa lililobandikwa mlangoni na jingine dogo lililobandikwa juu yake ili kulifafanua lile kubwa, kwamba foleni ya watafuta kazi imemalizika. Haikupungua wala haikuahirishwa. Imemalizika. Ukumbi wa kusubiria ulikuwa mtupu kuanzia asubuhi mpaka jioni, na feni za darini zilipuliza mabenchi bila ubaguzi.

Mkurugenzi wa Idara aliyahesabu hayo kuwa mafanikio yake. Wapo watu wa mtaani, maana mtaani hakukosi watu wa maneno, waliodai kwamba foleni imeisha kwa sababu wenyewe wamechoka kuambiwa "njoo kesho". Mkurugenzi hakubishana nao. Yeye ndiye aliyebuni "njoo kesho", na kwa ubunifu huo alitunukiwa cheti, akakitia fremu na kukitundika mahali ambapo mgeni hawezi kukaa bila kutazamana nacho. Mtaani walimwita Bwana Kesho. Nyumbani mkewe alimwita Mkurugenzi, hasa anapotaka kumtuma akamwage takataka.

Furaha hiyo iliingia dosari siku ilipofika taarifa kwamba Kamati ya Bajeti itatembelea Idara Alhamisi, kujionea kwa macho matumizi ya fedha za umma. Idara itakayokutwa haina wa kumhudumia itafutiwa fungu lake, na mkurugenzi wake atapangiwa majukumu mengine. Mkurugenzi alishawaandikia watu wengi maneno hayo, kwa hiyo alijua majukumu mengine ni yapi. Ni kukaa barazani kwenye kiti cha plastiki na kuulizwa na mkeo kila baada ya saa kama huna pa kwenda.

"Nenda kaniletee wasio na kazi," alimwagiza Afisa Usajili, kijana mtiifu ambaye hajawahi kucheka saa za kazi.

Afisa Usajili alikwenda, akarudi peke yake.

"Nimewakuta kijiweni, mkuu. Wanacheza bao."

"Sasa mbona hujaja nao?"

"Wanasema leo wana mambo mengi." Alitazama viatu vyake. "Wameniambia nirudi kesho."

Mkurugenzi alikuwa bado anaisaga kauli hiyo mdomoni pale mlango ulipofunguliwa bila kubishwa. Katika mji mzima ni mtu mmoja tu aliyekuwa na ujasiri wa kuingia hivyo, naye ni Mwalimu Mkuu wa shule ya jirani, shule iliyopakana na Idara ukuta kwa ukuta. Mwalimu Mkuu alikuwa dada mkubwa wa mke wa Mkurugenzi. Kiserikali alikuwa chini yake. Kifamilia, Mkurugenzi alikaa vizuri kwenye kiti kila alipomwona.

Hapa inafaa ieleweke kwamba serikali, kwa nia njema ya kubana matumizi, ilikuwa imeziweka huduma za ajira na ruzuku za shule juu ya meza moja, na meza hiyo ilikuwa ya Mkurugenzi. Naye hakuiacha meza ilale. Alibuni Utaratibu wa Awamu, ambao kwao hakuna ruzuku inayotoka yote kwa mkupuo kama mahari. Shule ilipoomba paa jipya, kazi iligawanywa kitaalamu. Awamu ya kwanza ilikuwa kuezua paa bovu. Awamu ya pili ilikuwa kuezeka paa zima. Fedha za kuezua zilitoka upesi, mabati yakashushwa, utepe ukakatwa, na Mkurugenzi akahutubia ndani ya darasa huku jua likimchoma utosini. Awamu ya pili ingetoka baada ya shule kuthibitisha kwa maandishi kuwa ya kwanza imefanikiwa. Mwalimu Mkuu alithibitisha kwamba imefanikiwa asilimia mia moja: paa halipo hata kidogo. Tangu hapo alikuwa akisubiri saini.

"Shemeji, imenyesha tena," Mwalimu Mkuu alisema.

"Pole sana, shemeji. Mvua haiko kwenye fungu langu."

"Darasa la pili wanaandika huku wamejifunika mabeseni. Nikiita majina siwajui, naona mabeseni tu. Hebu tia saini tumalize."

"Siwezi kuingilia mamlaka."

"Mamlaka yenyewe nani?"

"Mimi."

"Sasa?"

"Siwezi kujiingilia. Fuata utaratibu, shemeji."

Mwalimu Mkuu aliegemea dirisha la kioo, akautazama ule ukumbi wa kusubiria, mabenchi yake, feni zake, na hasa dari yake, kwa jicho la mtu mwenye njaa anayepita mbele ya hoteli. Upande wa pili wa ukuta watoto walikuwa wakiimba jedwali la kuzidisha, na sauti zao zilitoka kama kutoka ndani ya pipa, kwa ajili ya yale mabeseni. Mkurugenzi alizisikiliza, na taratibu uso wake ukaanza kuchangamka.

"Hao darasa la pili wako wangapi?"

"Sitini na ushei."

"Wana kazi?"

"Nani?"

"Hao watoto. Yupo mwenye ajira yoyote?"

"Wana miaka minane, shemeji!"

"Kwa hiyo hawana," Mkurugenzi alisema, akaweka kalamu chini kwa utulivu wa mtu aliyekwisha kuokolewa.

Walikubaliana pale pale. Darasa la pili lingehamia ukumbini na kusomea humo, chini ya dari na feni. Kwa upande wa Idara wangetambulika kuwa watafuta kazi wasio na uzoefu, jambo ambalo, ukilitazama kwa makini, halikuwa na uongo hata chembe. Kamati ikishaondoka, Mkurugenzi angetia saini awamu ya pili.

"Lini?" Mwalimu Mkuu aliuliza.

"Kesho yake."

"Kesho ya kalenda, au kesho yako?"

Mkurugenzi aliapa kwa kalenda.

Usajili ulifanyika kwa kufuata taratibu zote, kwa kuwa Afisa Usajili hakujua kuufanya kwa namna nyingine. Alimwita kila mtafuta kazi mbele ya meza na kumhoji. Mmoja alipoulizwa kama amewahi kuacha kazi, alijibu kwamba aliacha kuosha vyombo pale sahani ilipovunjika. Mwingine alieleza kuwa aliwahi kupewa dhamana ya kununua chumvi akarudi na biskuti, na tangu siku hiyo hatumwi tena. "Alipoteza imani ya mwajiri," Afisa Usajili aliandika. Wa tatu aliulizwa anatarajia mshahara kiasi gani, akafikiri sana, akasema anataka baiskeli.

Wa kwanza kabisa kwenye foleni alikuwa Kiranja wa darasa, binti asiye na meno mawili ya mbele, mwenye macho ambayo hata mwalimu wa zamu aliyaogopa. Yeye hakusimama mbele kwa upendeleo. Kiranja husimama mbele.

Alhamisi Kamati ya Bajeti iliwasili, ikiongozwa na Mheshimiwa Mwenyekiti, mtu mnene wa sauti na wa mwili, anayependa sheria kuliko chakula, na chakula anakipenda. Alipoingia ukumbini watafuta kazi wote walisimama kwa pamoja.

"Shikamooni wageni weeetu!"

Mwenyekiti aliguswa. Alisema amezunguka idara nyingi lakini hajapata kuona watu wasio na kazi wenye nidhamu namna ile. Kisha alikunja uso, akapita kati ya mabenchi akiwatazama mmoja mmoja.

"Mkurugenzi. Mbona ni wafupi?"

Mkurugenzi hakupata cheo kile kwa bahati nasibu.

"Ni ukosefu wa ajira, Mheshimiwa. Unadumaza."

Wajumbe walitikisa vichwa kwa masikitiko. Katibu wa Kamati aliandika. Mjumbe mmoja, mama mwenye huruma, alifuta chozi, akauliza hawa waliodumaa wamekuwa hivi kwa muda gani. Mkurugenzi alisema baadhi yao hawajapata kazi tangu wazaliwe. Hilo nalo likaandikwa.

"Tutaliongeza fungu lenu maradufu," Mwenyekiti alitangaza. "Ila sheria ni sheria. Kabla hatujafunga kikao, Idara lazima impatie kazi mtu mmoja, hapa, mbele ya macho yetu. La sivyo fungu lote liende kwenye mitaro ya maji machafu. Mna nafasi gani iliyo wazi?"

Haikuwepo. Mkurugenzi alipepesa macho huku na huku kama anayetafuta mlango. Nafasi zote za serikali zilikuwa zimejaa, nyingine watu wawili wawili. Alianza kuuona ule mtaro ukipita katikati ya ofisi yake.

"Usihangaike," Mwenyekiti alisema, akachomoa bahasha kwenye koti. "Nilitaka nikupe baadaye, lakini acha nikupe sasa. Umepandishwa cheo. Kuanzia leo wewe ni Kamishna Mkuu wa Ajira na Ruzuku. Ukikubali, kiti chako kinabaki wazi, na tatizo limekwisha."

Kamishna Mkuu! Roho yake iliruka kwa furaha, nasi tusimlaumu mtu anapofurahi. Alimwona mkewe akipigiwa saluti sokoni. Alimwona dereva. Alitia saini haraka kiasi cha kutoboa karatasi, bila kusoma chini ya neno "hongera". Makofi yakapigwa, na watafuta kazi, waliofundishwa kupiga makofi, walipiga ya kopakopa.

"Vizuri," Mwenyekiti alisema. "Sasa kanuni inasemaje? Nani anapewa nafasi?"

Afisa Usajili alisimama wima. Kanuni aliijua kwa moyo, kwani Mkurugenzi mwenyewe ndiye aliyeitunga, ikiwa pambo la ukutani. "Nafasi yoyote itakayojitokeza apewe mtafuta kazi wa kwanza kwenye foleni, mwenye uzoefu wa kusimamia watu."

"Wa kwanza ni nani?"

Kiranja alisogea mbele, mikono nyuma.

"Umewahi kusimamia watu?" Mwenyekiti alimuuliza.

"Ndiyo. Hawa wote. Wakipiga kelele nawaandika."

"Na akitokea mtu wa kukuhonga?"

"Yule pale aliniletea pipi nisimwandike. Nikaila, nikamwandika."

Wajumbe walinong'onezana. Katibu alisikika akisema kuwa huyo ni nadra. Kamishna mpya aliinua mkono.

"Mheshimiwa," alisema, "naomba nieleze jambo. Huyu ni..."

"Ni nini?"

Mwalimu Mkuu, aliyesimama karibu na dirisha akijifanya anapangusa vumbi, aligeuka kumtazama. Kamishna aliliona neno "mtoto" limefika kwenye ncha ya ulimi, na nyuma ya neno hilo aliona sitini na ushei wengine, Kamati iliyolia, na chumba kidogo chenye nondo dirishani.

"Ni mfupi," alimalizia.

"Sababu ulishatupa, na imeshaandikwa." Mwenyekiti alimshika Kiranja mkono, akamwongoza hadi ofisini na kumkalisha kwenye kile kiti kikubwa cha kuzunguka. Miguu yake haikugusa chini. Alizunguka mara moja kukijaribu, akaridhika.

"Na ofisi yangu mpya iko wapi, Mheshimiwa?" Kamishna aliuliza kwa sauti ya chini.

"Kwani hukusoma? Utaratibu wa Awamu tumeupenda mno, tumeamua utumike kila mahali. Awamu ya kwanza ya kupandishwa cheo ni kuondoka kwenye kiti cha zamani, na hiyo umeifanikisha vizuri sana. Awamu ya pili ni ofisi, gari na mshahara. Hiyo inasainiwa na Mkurugenzi wa Huduma za Ajira."

Wote walitazama kwenye kile kiti.

Mkurugenzi mpya hakuwa mtu wa kuchelewesha mambo. Jioni ile ile aliweka saini ya kwanza, herufi moja moja, ulimi ukiwa nje, kwenye awamu ya pili ya paa, kwa maelezo kwamba daftari lake la hesabu limelowa na yeye hataki beseni tena. Saini ya pili hakuiweka, kwa sababu kengele ililia.

Mabati yalipanda, misumari ikagongwa, darasa la pili likarudi kwake. Idara iliendelea kufunguliwa wakati wa mapumziko ya shule, na wale wa kijiweni, waliposikia kwamba siku hizi mtu anajibiwa hapo hapo, ndiyo au hapana, walianza kuja tena. Mbele yao wote, kwenye benchi la kwanza, alikaa Kamishna Mkuu na bahasha yake.

"Shemeji," alimwita Mwalimu Mkuu aliyekuwa akipita na chaki, "hebu zungumza na huyo mwanafunzi wako."

"Siwezi kuingilia mamlaka, shemeji. Fuata utaratibu."

Ijumaa moja hatimaye aliitwa. Aliingia, akakaa, akatazamana na cheti chake mwenyewe ukutani. Alifungua mdomo aanze kueleza kuhusu awamu ya pili, na kengele ya mwisho wa mapumziko ikalia upande wa pili wa ukuta. Kiranja aliruka kutoka kwenye kiti.

"Njoo kesho," alisema, akatoka mbio.

Kamishna Mkuu alirudi kesho yake asubuhi na mapema, amenyoa, amepiga suti pasi. Ilikuwa Jumamosi.