Barua Zangu kwa Mwizi wa Wimbo

Jamani, leo nimeaibika mbele ya kwaya nzima. Bora niwasimulie mwenyewe kabla hamjasikia kwa Mama Chantal, maana yeye ataongeza chumvi.

Mnajua mimi ni fundi nguo huku ugenini, mtaa wa Malvern, na Jumapili ndimi ninayerekodi kwaya yetu na kuweka video mtandaoni. (Sikusomea. Nilinunua kamera tu.) Mwezi huu video ya wimbo wetu mkubwa imeondolewa mara mbili. Ujumbe ulisema wimbo una mwenyewe, na mwenyewe amekataza usitumike. Ikitokea mara ya tatu, chaneli yote inafungwa. Nyimbo zetu zote, kwisha! Mama Chantal, kiongozi wetu, ana mama yake mzee Bukavu ambaye humwona mwanawe kwenye video hizo tu. Alilia mbele yangu. Roho iliniuma sana.

Na huyo mwenyewe ni nani? Wimbo tuliutunga sisi, dukani kwangu, katikati ya vyerehani! Kwa jina la kwaya, nikaiandikia barua kampuni iliyoleta malalamiko, iko mjini, Braamfontein, nikiomba wamfikishie huyo mwizi. Kimya. Nikaandika ya pili. Kimya. Ya tatu niliandika kwa hasira. (Niliichanganya na Zaburi.)

Basi leo asubuhi tukaenda wenyewe. Kwetu jambo zito haliendi mtu mmoja. Tulikwenda kumi na wanne, na sare za kwaya, zile za bluu nilizoshona mimi. Mlinzi wa mlangoni alitupa pole, alidhani tuna msiba.

Alitupokea dada mmoja Mkenya, mpole, anaitwa Wambui. Viti havikutosha. Kabla hajasema neno, Mama Chantal akafungua kwa maombi, akamwomba Mungu amfichue mwizi leo hii, kabla ya saa sita. Tukaitika amina.

"Barua zenu nilizipata," akasema Wambui. "Zote tatu nilimtumia mwenye wimbo. Hajajibu hata moja."

"Atajibu nini? Anaogopa!" nikasema. "Tafadhali isome ile ya tatu, wenzangu wasikie."

(Hapa malaika wangu mlinzi alikuwa amekwenda kunywa chai.)

Dada wa watu akasita. Nikasisitiza. Akasoma: "Wewe mwizi usiye na haya, unayekula jasho la watumishi wa Mungu..."

"Amina!"

"...mikono yako na ikauke..."

"Amina!"

"...na jina lako lijulikane mbele ya watu."

"Amina! Amina!" Mama Chantal akapiga na kigelegele.

"Sasa, dada," akauliza, "iyo muntu ni nani? Tupe jina tu."

Wambui akatugeuzia kompyuta.

Jina langu. Chini yake picha yangu, nimevaa futi ya kupimia shingoni, natabasamu.

Kumbe mwaka jana niliuingiza wimbo kwenye app moja ya muziki, ili watu wausikilize kwenye simu. App ni ya kampuni hiyo hiyo. Fomu niliijaza dukani, mteja anajaribu suruali, nina pini mdomoni. Waliuliza: nani mwingine ameruhusiwa kutumia wimbo huu? Nilijibu HAKUNA, kwa herufi kubwa. Basi mashine yao ikawa inanitii tu. Kila ikiusikia wimbo kwenye video, inakataza. Na barua zangu zote zilikwenda kwenye imeili yangu ya zamani, ambayo sijaifungua tangu nibadilishe simu.

Sijui niliangalia wapi. Nadhani niliangalia viatu vya Wambui.

"Ndugu Pascal," Mama Chantal akaniita polepole. "Kama iyo mikono inakauka, sare za Pasaka atashona nani?"

Wote kumi na watatu waliangua kicheko. Mlinzi naye. Wambui alijikaza, lakini machozi yalimtoka.

Akabadilisha jibu moja kwenye fomu, dakika moja tu, na video imerudi. Mchana huu Bukavu wamepiga simu, bibi ameshamwona binti yake. Hilo limenifurahisha kweli, msidhani nimenuna.

Ila kwaya imeamua: Jumapili nisimame kanisani nimwombe radhi yule niliyemlaani. Niliwasihi waniache nimwandikie barua tu.

"Hapana," akasema Mama Chantal. "Iyo muntu hasomake barua."