Haji Mokhtar na Ukuta wa Mama

Jumatatu, 8 Julai

Sijawahi kumwambia mtu hili: Haji Mokhtar ni mimi.

Haji Mokhtar ana miaka sitini na mitatu, ameoa mara mbili, na kwenye jukwaa moja la mtandaoni huwashauri waliogombana na wakwe zao. Mimi nina kumi na sita. Sijawahi kumsalimia msichana bila kutazama viatu vyangu.

Intaneti ya nyumbani Baba aliikata alipoona alama zangu za hisabati. Kwa hiyo naazima laptopu ya Mama kila akitoka. Intaneti yake hupitia ofisini kwa Mama, kiwanda cha mafuta ya zeituni, ambako yeye ni mkuu wa mitandao. Nusu ya kompyuta za kazi ziko kiwandani, nusu ni za kukodi huko Ulaya, na Mama mwenyewe yuko kwenye meza yetu ya jikoni. Mwaka jana wezi wa mtandaoni walipenya katikati ya hizo nusu. Kiwanda kikalala siku tisa. Mkurugenzi, Si Laroussi (kwetu "Si" ni Bwana), amemwambia Mama kwamba safari hii akichagua ukuta mbovu wa kulinda mtandao, atahamia kubandika lebo kwenye chupa.

Leo Mama ameanza kupima kuta mbili, A na B. A hufungua kila bahasha na kusoma barua. B husoma anwani tu.

Namwombea B.

Jumanne, 9 Julai

Binamu yangu Wajdi amekuja kula. Anajifunza kazi kwa Mama, na tangu apewe kitambulisho cha kuning'iniza shingoni hakivui hata mezani. Akasema A anaona kila kitu, hata ukipiga chafya. Akaniuliza, bwana mdogo mbona jasho? Nikasema pilipili. Tulikuwa tunakula tikiti maji.

Mpango: kumchosha A. Mama alipokwenda kununua mkate nikafungua video arobaini kwa mpigo, zote za kupika kuskusi.

A hakutikisika. B alizimia, ikabidi awashwe upya. Mama akaandika kwenye daftari lake: A mzuri sana. Akashangaa nani kiwandani anapenda kuskusi kiasi hicho.

Jumatano, 10 Julai

Mpango bora. Nimejishangaa nilivyo na akili. Ni Julai, ofisi zote zinafungwa saa nane mchana. Sfax nzima, mji wetu, inalala, Mama pia. Nani atanichungulia? Kuanzia saa nane na nusu hadi kumi na moja Haji amejibu watu kumi na mmoja. Mama mmoja wa Gabès analia kwamba mkwewe anamfichia harissa, ile pilipili ya kusaga ya kopo. Haji kamshauri anunue yake, aifiche vibaya.

Alhamisi, 11 Julai

Wajdi ameleta ripoti ya A ya jana. Asubuhi mistari imebanana kama foleni ya mkate. Baada ya saa nane, jangwa. Na katikati ya jangwa mstari mmoja, peke yake, kwa saa mbili na nusu mfululizo. Kwa jina la Mama.

Si Laroussi alipiga simu, sauti ikitetemeka. Miaka thelathini hajaona mtu anayefanya kazi mchana wa Julai. Ameguswa mno. Kwa heshima ya Mama amefuta saa za kiangazi kwa idara nzima: hakuna tena kutoka saa nane. Wajdi karibu alie. "Mama mdogo, umetuua," akasema.

Mama alisema alikuwa amelala. Alisema kwa Kifaransa. Mama hugomba kwa Kiarabu. Akihamia Kifaransa, tafuta viatu. "Kuna mtu," akasema, "ametumia jina langu, na nisipomjua kufikia kesho nimekwisha."

Nilifungua mdomo. Kweli nilifungua. Lakini Wajdi alikwishaanza kusoma alichonasa A: harissa, yote, hadi "mwanangu, usiufungie moyo wako ndani ya kopo."

Mama akauliza huyo mzee ana miaka mingapi. Kisha akatazama viatu vyangu. Sijui kwa nini.

Ijumaa, 12 Julai

Nimeokoka! Mama amemweleza Si Laroussi kwamba mgeni aliazima jina lake, na A alimnasa hadi neno la mwisho. A ndiye mshindi, lebo zitabandikwa na wengine, saa za kiangazi zimerudi. Wajdi amembusu Mama kichwani.

Saa nane na nusu nimefungua jukwaa. Kidogo tu. Kuna barua mpya, ya mama mmoja wa Sfax: "Haji, nina mwana mpole anayenificha jambo. Nimngoje aseme mwenyewe, au nimwulize?"

Maskini. Dunia imejaa akina mama wenye shida. Haji amejibu kwamba mwana wa namna hiyo haulizwi: arudishiwe intaneti ya nyumbani, na ikiwezekana baiskeli.

Ajabu, leo chumbani kwa Mama hakuna anayekoroma. Nyayo ukumbini. Ndara zake. Ukurasa huu nauficha pale ambapo hatafikiria kamwe: chini ya laptopu yak—