Kipimo cha Beseni

Kwa wazazi wote wa Kawangware, na wale wa Kibera wanaotaka kuhamia Kawangware, habari njema imefika. Idara ya Ulinganifu wa Shule na Makazi imefunguliwa. Ina mlango, ina muhuri, na mimi Nasambu, nyanya wa wajukuu tisa, ni mjumbe wake wa kudumu.

Nilifika darasa la nne tu, lakini cheo hakikuangalia hiyo. Nilikuwa nimeenda kuuliza kitu kingine, nikakaa kwa benchi ya nje siku tatu bila kulalamika. Siku ya nne afisa, Bwana Muigai, akatoka akaniita vile huku nyanya huitwa, akasema, "Shosh, mtu wa subira kama wewe ndiye serikali inatafuta." Akanipatia kalamu. Kile nilichoenda kuuliza bado sijajibiwa, lakini sasa nasubiri nikiwa ndani.

Kazi ya Idara ni rahisi. Mtoto hachukuliwi shule mpaka nyumba ya wazazi wake ikaguliwe na ionekane inalingana na hiyo shule. Ikipita, mzazi anaandikwa kwa daftari ya wakazi, na mtoto anaingia darasani. Bwana Muigai alitueleza kwamba shule nzuri ikiwa karibu na nyumba mbaya, hiyo shule hushuka moyo. Nilikuwa sijui shule iko na moyo. Nikaandika.

Kipimo chenyewe ni mimi nilikileta. Huku kwetu mtu akitafuta nyumba haulizi ilijengwa lini. Anauliza, mvua ikinyesha, mnaweka beseni ngapi? Ya beseni moja ni nyumba ya watu wazima. Ya beseni tatu inavumilika. Ikipita tatu, unalala ukiwa umekaa. Bwana Muigai alifurahi, akakiita Mfumo Jumuishi wa Kutathmini Uvujaji, kisha akatunga kanuni: jengo likipita beseni tatu halifai kuishi, kusomea wala kufanyia kazi yoyote mpaka litengenezwe. Na litengenezwe na fundi aliye kwa daftari ya wakazi, kwa sababu fundi wa mbali hana uchungu na mabati yetu.

Sasa, binti yangu Mercyline na mume wake Boaz walikuwa wanakaa Lindi, kule Kibera, na mtoto wao Hope alikuwa anaingia gredi ya kwanza. Mercyline alikuja akaipima shule ya huku vile mzazi hupima. Siku mbili alisimama kwa geti saa ya uji.

"Mama, darasa lina watoto sabini, hapo siwezi kukudanganya," akaniambia. "Lakini Mwalimu Annet anajua jina la kila mmoja, na anajua ni nani hajakunywa uji. Ile shule ingine nimeona, mtoto anaitwa 'wewe wa sweta'."

"Na nyumba mmepata?"

"Tumepata. Kitanda tumeshaingiza. Lakini mlango umeinama kama mtu anatafuta sindano, na sakafu ukitembea inakujibu."

Boaz alikuwa hapo nje, ameangalia ukuta. Ni fundi wa mabati na mbao, na ni mkwe mwenye adabu. Hanisalimii kwa mkono na haniangalii usoni.

"Mercy, ambia mama nyumba hurekebishwa," akauambia ukuta. "Nyundo niko nayo. Mwalimu mbaya hakuna nyundo ya kumnyoosha."

Kuandikisha watoto kulikuwa kunafungwa Ijumaa saa sita. Jumatatu Boaz akaenda kwa Bwana Muigai.

"Mkubwa, wacha nirekebishe hiyo nyumba, halafu mje mkague."

"Huwezi kurekebisha kabla ya ukaguzi. Utakuwa umeharibu ushahidi."

"Basi mkague leo."

"Leo ni siku ya kupanga siku ya ukaguzi."

"Sasa nifanye nini?"

"Fuata utaratibu, kijana."

Nilikubaliana naye kwa kichwa. Utaratibu ulikuwa umeshikana vizuri, hauna mahali pa kuvuja.

Jumatano tukaenda kukagua, jua likiwaka. Idara haikagui kwa mvua, maana viatu vya Bwana Muigai ni vya ngozi. Huwa tunapandisha mtungi wa lita ishirini juu ya mabati na kuumwaga polepole. Hiyo inaitwa mvua rasmi. Maji yakamwagwa, Mercyline akaita kutoka ndani, "Beseni mbili tu!"

"Imepita," Bwana Muigai akasema baada ya kuingia kuzihesabu. "Shosh, ingia ndani ushuhudie, utie sahihi."

Nikabaki pale nje. "Bwana Muigai, hii ni nyumba ya mkwe wangu. Kwetu sisi mama mkwe haingii hivi hivi. Naalikwa, nakuja na watu wa kutoka Bungoma, na kuku anachinjwa."

"Hii ni serikali, Shosh, si harusi."

"Serikali imeshaingia. Mimi ndio siwezi."

Boaz alikuwa amegeukia choo cha jirani kwa heshima. Jasho lilikuwa linamtoka.

Bwana Muigai akaandika: Haikukagulika. Halafu akanikemea kidogo. "Fomu yako ya wiki iko tupu. Ijumaa nataka jengo moja ambalo umeingia ndani, umelipima."

Nikasema sawa.

Ijumaa saa nne mvua ikashuka, hii yetu isiyo rasmi. Tulikuwa ofisini. Mercyline alikuwa amemshika Hope mkono, sweta mpya imemfika magotini. Boaz alikuwa kwa veranda na ukuta wake. Tone la kwanza lilianguka kwa muhuri. La pili likaanguka kwa kichwa cha Bwana Muigai. Kaluki, anayeuza chakula jirani, akatuletea beseni zake, na mimi nikazipanga polepole nikihesabu.

"Shosh, unaandika nini?"

"Nimepata jengo ambalo nimeingia ndani. Beseni saba."

Akacheka. "Hii ni ofisi."

"Kanuni imesema jengo."

Akaifungua kanuni yake, akaisoma mara mbili, mara ya pili bila kucheka. "Basi mwite fundi."

"Fundi aliye kwa daftari."

Akafungua daftari. Ilikuwa safi kabisa, haina jina hata moja. Tangu tuanze tulikuwa tumekagua nyumba kumi na nne, na kila moja ilikosa kitu kimoja kwa fomu. Hata yeye mwenyewe hakuwa ameandikwa. Faili zilikuwa zinaanza kuvimba.

"Kuna mtu ako na nyundo hapo nje," nikasema. "Nyumba yake ni beseni mbili. Ulishuhudia mwenyewe."

Saa tano na nusu Boaz alikuwa mkazi namba moja. Saa sita kasorobo Mwalimu Annet alimuuliza Hope jina lake mara moja tu, na hakurudia. Saa sita Boaz alikuwa juu ya mabati ya serikali.

Ofisi imemaliza kutengenezwa, lakini haiwezi kufunguliwa mpaka ikaguliwe upya, na mvua haijaacha kunyesha. Bwana Muigai yuko nje kwa ile benchi, viatu amevifunga kwa karatasi ya nailoni. Leo ni siku yake ya tatu. Akifika ya nne bila kulalamika, nitampatia kalamu.