Nyekundu ya Rahim

Jumatatu, 26 Mei
Rahim tena! Miaka kumi na moja majoho ya kwaya yetu hapa Buhongwa natia rangi mimi, Yeremia. Leo Mama Justa, mwenyekiti wa kwaya, kashika kitambaa chekundu cha jirani yangu Rahim, naye mtia rangi, kakisifu mpaka kasahau kuniaga. Anataka majoho mapya ya Pentekoste. Jumamosi kila mmoja apeleke kipande, yeye atachagua. Rangi ya wadudu, eti! Chakula hakikupita. Wivu? Hapana. Kiungulia.

Jumanne, 27 Mei
Nimemuuliza Rahim, kijanja, ni wadudu gani. Kanijibu bila kusita: wale weupe kama unga, walioganda kwenye mipungate, ile mimea ya miiba, uani kwake. Weupe watoe nyekundu? Mimi si mtoto wa juzi! Nimepanda mpera, nikakusanya majimoto, wale sisimizi wakali wa mitini, kopo zima. Wekundu hasa.

Jumatano, 28 Mei
Mdomo umevimba. Majimoto waliochemshwa hutoa rangi ya chai. Mke wangu Kashindye kauliza kama atie sukari.

Ijumaa, 30 Mei
Rahim kaenda msikitini. Nimepenya uani kwake, nikakwangua mipungate. Miiba imeniingia mahali pasipotajika. Nikaminya mdudu mmoja. Damu tupu! Kumbe hakunidanganya. Hilo limeniudhi zaidi. Yeye hutia limau, maganda yamezagaa uani. Mimi nimetia magadi, vijiko sita. Magadi hulainisha hata maharage ya mwaka jana, sembuse mdudu!

Jumamosi, 31 Mei
Zambarau! Kipande nimekipeleka hivyo hivyo, nikasema ni nyekundu iliyokomaa. Mama Justa kaniuliza, kwa upole, kama sina habari kwamba Kwaresima, na zambarau yake, imekwisha. Kwaya nzima ikacheka. Kashindye huimba sauti ya kwanza. Alicheka kwa sauti ya kwanza. Kazi kapewa Rahim, mtu ambaye hata kanisani hasali! Akanifuata nje. Eti magadi ndiyo yaliyoharibu, limau lingeirudisha nyekundu, na tuyatie rangi majoho pamoja. Nikakataa. Anataka siri yangu.

Jumapili, 8 Juni
Pentekoste. Kwaya imeingia, moto mtupu. Kashindye kapendeza kuliko siku ya harusi yetu, na roho inaniuma kwamba aliyempendezesha ni Rahim. Nimerudi nyumbani peke yangu, nikajichunguza kama mchungaji alivyohimiza. Nakiri, nilikosea. Magadi niliweka machache.