Mlolongo Wangu na Dawa ya Kuhara

Jumatatu, 7 Machi 1983
Jumamosi sisi wakulima wa miwa wa hapa Matungu tunachagua mwakilishi. Mtu wa kuketi meza moja na wakubwa wa kiwanda! Nani anafaa kunishinda? Ati Osundwa naye amejitokeza, kwa sababu ana trekta. Trekta lina akili gani?

Tatizo ni magoti. Kura ni ya mlolongo: mgombea anasimama mbele, watu wanajipanga nyuma yake hadi wahesabiwe. Nimeenda zahanati. Muuguzi Muhonja, msichana niliyemwona akizaliwa, kanipa aspirini. Mbili asubuhi, mbili jioni, baada ya kula, nisizidishe. Mbili! Mimi ni mtoto?

Jumatano, 9 Machi
Nimemeza sita kwa mpigo, nyingine nikanunua dukani. Mbili zikiua maumivu ya leo, sita zitaua na ya kesho. Hesabu rahisi. Magoti kimya! Masikio tu ndiyo yanalia wiii. Mke wangu Teresa anasema ni vidonge. Nimemwambia ni kura zinakuja.

Jioni. Tumbo linawaka moto. Teresa hana huruma kabisa. Alisema, "Baba Nanjala, wewe unamezanga dawa kama njugu." Nimenunua ile dawa nyeupe ya tumbo, ya chupa. Wameandika kijiko kimoja. Kijiko ni cha watu wasio na uchaguzi. Nimeimaliza chupa.

Ijumaa, 11 Machi
Tangu jana naendesha. Chooni, kitandani, chooni. Nimejikokota hadi dukani kwa Bramwel. Na nani kasimama pale? Milcah, mke wa Osundwa, anajifanya kuchagua sabuni! Apeleke habari zangu kwa mumewe? Ng'o! Nikainama, nikanong'ona: dawa ya kuhara. Bramwel akauliza kama nina hakika, kwa umri wangu. Nikamfokea kwamba sikuja kuhojiwa. Akanifungia chumvi fulani kwenye karatasi. Nusu nimekunywa, nusu ni ya asubuhi.

Jumamosi, 12 Machi
Aibu! Ile chumvi ni haluli! Haluli, ya kuharisha!

Mlolongo wangu ulikuwa mrefu kuliko wa Osundwa, kila mwenye macho aliona. Naibu wa chifu akaanza kuhesabu. Tumbo likaita. Nikavumilia. Likaita tena, kwa ukali. Nikatoka mbio kuelekea choo cha soko. Na watu wangu wakanifuata! Wote, kwa nidhamu, mmoja nyuma ya mwenzake, hadi mlangoni. Waliambiwa wasimame nyuma ya mtu wao, wakasimama. Naibu akatangaza kwamba mlolongo ulioondoka uwanjani hauhesabiwi. Vigelegele vya Osundwa nilivisikia nikiwa nimechuchumaa. Nililia.

Nimemwendea Bramwel. Eti niliomba dawa ya kuhara, akanipa ya kuhara. Anayetaka ya kuzuia husema ya kuzuia. Upumbavu mtupu! Kwani dawa ya panya humnenepesha panya?

Jumapili, 13 Machi
Nimeanguka mlangoni mwa kanisa. Muhonja amekuja nyumbani, kakusanya vidonge vyangu vyote, hata vya mfukoni. Anasema haya yote nimejitakia, mwili umekauka maji. Nichanganye lita ya maji, vijiko vidogo vinane vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, ninywe polepole. Kipimo kisibadilike hata kidogo. Sukari ikizidi, itanirudisha chooni.

Kesho wanachagua makamu wa Osundwa, na watu wangu bado wananitaka. Lazima nisimame hadi mwisho. Lakini vijiko vinane! Mkulima wa miwa, shamba limejaa hadi mtoni, nipimiwe sukari kwa kijiko cha chai? Hayo ni matusi kwa Matungu nzima. Nimemimina pakiti yote, nimekunywa hadi tone la mwisho. Kesho Osundwa atanitambua!